Jibu: Kwa nini mama analipia usafi kwenye Support at Home?

Salamu ndugu. Unauliza kwa nini mama yako, anayepokea pensheni kamili hapa Australia, analetewa bili ya usafi wa nyumba ilhali Support at Home ni mpango wa serikali wa kuwasaidia wazee nyumbani kwao.

Tangu 1 Novemba 2025 mchango, yaani sehemu ya gharama anayolipa mzee mwenyewe, hutegemea aina ya huduma. Uuguzi ni bure. Usafiri wa kwenda kliniki, kwa mwenye pensheni kamili, ni asilimia 5. Usafi, bustani na kuandaliwa chakula ni asilimia 17.5, usafi wa dola 100, yeye hutoa 17.50. Kwa mzee anayehesabu senti za mkate hiyo si ndogo, na inaniuma kuona wengine wanaacha kufanyiwa usafi.

Angalia kwanza tarehe ya barua yake ya kuidhinishwa kupata huduma za nyumbani. Kama ilikuwa kabla ya 12 Septemba 2024 na hakuwa akichangia, hatakiwi kulipa sasa. Shangazi yangu alitozwa hivyohivyo. Tulipeleka barua kwa mtoa huduma, wakarekebisha.

Kama si hivyo, ombeni nafuu ya ugumu wa kifedha kwa Services Australia, ofisi ya serikali ya malipo na huduma. Mkalimani wa Kiswahili ni bure, namba 131 450. Barua yake ni ya lini?