Kabla hujamfungulia mtu Warumi 9

Wadogo zangu mnaoanza masomo ya theolojia, juzi nimesikiliza tena mjadala wa kuchaguliwa tangu asili, yaani fundisho kwamba Mungu aliwachagua tangu mwanzo watakaookolewa: mmoja wenu alirusha Warumi 9:13 (Yakobo alipendwa, Esau akachukiwa), mwenzake akamjibu kwa 1 Timotheo 2:4 (Mungu anataka watu wote waokolewe), na saa nzima ikapita bila yeyote kusoma aya iliyotangulia wala iliyofuata. Nawapenda, lakini uvumilivu umenishinda.

1. Fungueni Kigiriki, walau kwa kamusi. Waefeso 1:4 ina eklegomai (kuchagua) na 1:5 ina proorizo (kuamua au kukusudia tangu awali), ilhali Union Version inatumia "kuchagua" katika aya zote mbili.

2. Msimtwike Calvin, mwanamatengenezo wa Kanisa, kila kitu: zile zinazoitwa hoja tano za Calvin kuhusu kuchaguliwa na wokovu zinatokana na Sinodi ya Dort ya 1618–1619, mkutano wa kanisa huko Uholanzi, iliyokuwa ikiwajibu wafuasi wa Arminius, mwanatheolojia Mholanzi, na makala zao tano za 1610. Calvin alikuwa amefariki tangu 1564.

3. Ifuateni hoja tangu inapoanzia. Hapa ndipo nilipoanguka mimi. Nikiwa mwaka wa pili, mama mmoja alinijia baada ya ibada, ameshika Biblia iliyochanika jalada, akaniuliza kama kaka yake, aliyefariki bila kurudi kanisani, hakuwa miongoni mwa wateule. Nilimfungulia Warumi 9, nikaweka kidole kwenye aya ya 13, nikamsomea habari ya Yakobo aliyependwa na Esau aliyechukiwa, kisha nikamweleza mfinyanzi na udongo kwa ufasaha niliojivunia. Aliifunga Biblia taratibu, akanishukuru, akaenda zake.

Usiku ule nilirudi mwanzo wa sura ileile. Paulo anaianza kwa huzuni nyingi na maumivu yasiyokoma moyoni kwa ajili ya ndugu zake, hata akatamani yeye mwenyewe atengwe na Kristo kwa ajili yao. Mama yule alikuwa amesimama palepale aliposimama Paulo, nami nilimrusha nikampitisha juu ya machozi hayo. Tena aya niliyomsomea ni nukuu ya Malaki 1, ambako Esau ni Edomu, taifa zima, na hoja yenyewe ya Paulo haitui mpaka Warumi 11:32, penye rehema. Wapo wanaoshikilia kwamba Paulo anazungumzia pia mtu mmoja mmoja, na hoja zao ni nzito. Mimi sikuwa nimefika hata kwenye mlango wa mjadala huo.

Jumapili iliyofuata nilimtafuta, nikamwomba radhi. Tulisoma aya ya 1 hadi ya 5 polepole, na tulipofika ya 2 akaomba tuirudie.