Uliza Ami: Filta gani ya maji nibebe safari ya siku nane?

SWALI: Salaam ami. Sisi ni vijana watatu wa Kisauni, Disemba twataka kutembea milima, siku tatu Taita halafu tupande Mlima Kenya kwa njia ya Chogoria tuteremkie Sirimon, siku tano hizo. Hema, chakula, kila kitu mgongoni. Maji ya chupa hatuwezi kubeba ya siku zote hizo na mwaka jana nilikunywa ya mto hivihivi matumbo yakanisokota wiki nzima. Sasa madukani kuna filta ya kufyonza kama mrija, kuna ya kukamua, kuna ya kutundika, kuna na tochi ya miale ya kuua vijidudu, kila muuzaji yake ndo bora. Ninunue ipi, na yatosha peke yake?
Msafiri, Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu, na pole kwa hayo matumbo. Wiki nzima si mchezo, na huko juu ukianza kuendesha maji yanakutoka mwilini haraka na hospitali iko mbali, kwa hivyo umefanya vizuri kuuliza mapema.

Ningekuwa mimi ningechukua ile ya kukamua, yenye nyuzi ndani, iliyoandikwa maikroni 0.1 (maikroni moja ni milimita moja igawe mara elfu). Ndani mna nyuzi nyembamba za plastiki zenye uwazi katikati kama makaroni, na kuta zake zina vijitundu vidogo sana, yaani unywele wa mtu ni kama maikroni 70 sasa wewe piga hesabu. Maji yanapita, bakteria wa kipindupindu na wa homa ya matumbo wanabaki nje, na vile vijidudu vya jiardia ambavyo ndo huwasumbua sana watu wa milimani navyo vinabaki. Uzito si kitu, Sawyer Squeeze kwa mfano ni kama gramu 85. Ile ya mrija ni nyepesi pia lakini lazima uiname hapo mtoni ufyonze, sasa maji ya kupikia utatoa wapi? Ya tochi inataka chaji na inataka maji maangavu, na baridi ya huko juu inakula betri vibaya sana. Ya kutundika ni nzuri kwa watu watatu, ila hiyohiyo ya kukamua mkitafuta mfuko mzuri na kijibomba mnaitundika mtini maji yanashuka yenyewe huku mnapiga hema.

Kitu kimoja wengi hawakiangalii ni shingo ya chupa. Nenda dukani na chupa yako ya maji ya kawaida, ifunge na hiyo filta hapohapo mbele ya muuzaji, igeuze, iminye. Kuna filta zina mdomo mpana zinakubali mfuko wake tu, na mfuko ukipasuka siku ya tatu umekwisha.

Sasa hilo swali lako la kama yatosha peke yake, hapana haitoshi, hasa Taita. Vijito vya Taita vinapita mashambani na karibu na majumba ya watu, na penye watu pana virusi, vya homa ya ini aina ya A, vya rota, hivi ni vidogo kuliko vile vijitundu kwa hivyo vinapita na maji mpaka kwenye kikombe chako. Beba vidonge vya klorini. Chuja kwanza halafu ndo utie kidonge, usifanye kinyume, maanake maji yenye tope yanaila ile klorini kabla haijafanya kazi, na ukishatia subiri nusu saa. Tafadhali soma pakiti, vidonge vingi vya madukani kwetu vimepimwa kwa mtungi wa lita 20, usije ukatia kizima kwenye chupa ya lita moja. Na usiseme basi niache filta nibebe vidonge tu, kuna kijidudu chaitwa kriptosporidiamu klorini haikitishi, hicho dawa yake ni filta au moto. Kila kimoja kinaziba pengo la mwenziwe.

Maji yakiwa na tope yaache yatulie kwenye sufuria kwanza, kisha yapitishe kwenye leso (kanga) kuukuu iliyokunjwa mara nne, leso mpya haishiki vizuri, ile iliyofuliwa mpaka ikalainika nyuzi zake zimesongana. Bangladesh walifanya utafiti na sari kuukuu namna hiyohiyo, matokeo yakatoka 2003, kipindupindu kilipungua karibu nusu kwa kitambaa tu! Kwako wewe faida kubwa ni kuwa filta haitazibika. Na ikianza kutoa maji polepole irudishie maji safi kwa nguvu kwa lile bomba la sindano linalokuja nayo, upande wa kutokea, fanya hivyo kila jioni usingoje izibe kabisa.

Sasa baridi. Hapa naomba unisikilize sana maanake sisi watu wa Pwani hatuna mazoea na maji kuganda. Tulikuwa Mlima Kenya, juu karibu na vile vijiziwa vya Hall Tarns, zaidi ya mita 4,000, mwenzetu mmoja akaacha filta yake nje kwenye kibaraza cha hema. Asubuhi ilikuwa ngumu kama jiwe, ukiitikisa haisemi. Saa nne jua likaiyeyusha, akaijaribu, maji yakatoka mbiombio kuliko jana yake na yeye akafurahi, lakini mimi ile kasi ndo iliyonitisha. Maji yakiganda yanavimba, yanapasua zile nyuzi ndani na kwa nje huoni ufa wowote. Tukaiweka kando, siku zilizobaki tukachemsha kila tone na gesi ikatuishia siku moja kabla ya kushuka. Kwa hivyo ukishaitumia filta hata mara moja, ndani ina maji hata ukiikung'uta, usiku itie kwenye mfuko wa plastiki ulale nayo ndani ya begi la kulalia, kifuani kabisa. Ikiganda usiibahatishe. Unaweza kuilowesha ukaipuliza, hewa ikipita wazi imeharibika, lakini hata isipopita mimi singeiamini tena.

Mkilazimika kuchemsha, mkishapita mita 2,000 acheni yatokote dakika tatu nzima, huko maji yanachemka kabla hayajapata moto kama wa hapa.

Chupa ya maji machafu itie alama, funga utepe mwekundu, na isiguse mdomo wa chupa safi. Wengi huugua hapo filta ikiwa nzima kabisa.

SWALI: Kaka, nipo Likoni, maji ya kisima chetu yana chumvi hata chai haifai. Kijana wangu ana filta ya kambi, naweza kuchujia hayo maji? Na yeye hupenda kwenda Kwale huko vijijini na wenzake kutembea, inamkinga na kichocho?
Mama wa Likoni

JIBU: Shikamoo mama. Chumvi haitatoka, imeyeyuka ndani ya maji na inapita pale kama maji yenyewe, ya kuitoa inataka mashine ya kusukuma maji kwa presha kubwa, siyo kichupa cha begi. Vijidudu itatoa, na visima vyetu vingi viko karibu na mashimo ya vyoo kwa hivyo hilo nalo ni la maana, lakini ladha itabaki ileile. Kwa chai bora uendelee na maji ya mtungi yasiyo na chumvi.

Kichocho ndo kinanitia hofu zaidi. Akinywa maji yaliyochujwa yupo salama kwa upande huo, lakini mdudu wa kichocho anaingia kwa ngozi, mtoto akivua viatu akaingia bwawani mpaka magotini ili ajaze chupa, ameshampata hata kabla hajanywa. Mwambie afunge kikombe kwenye fimbo au kamba achote akiwa amesimama pakavu, na kama ameshawahi kuingia mabwawa hayo mpeleke akapimwe, dawa ipo na inatibu.

Na filta yake ikiwa ilishatumiwa na maji ya kisima itakuwa na ule ukoko mweupe ndani. Iloweke kwenye siki nyeupe nusu saa, halafu ipitishe maji safi mpaka harufu iishe.