Kingamwili ya pili kung'aa hata bila ya kwanza

Pole kwa kazi, ndugu. Umesema seli zako zinang'aa kijani kila mahali, hata kwenye kioo cha hadubini ambacho hukuweka kingamwili ya kwanza (ile inayoishika protini yenyewe), ila ya pili tu (yenye rangi ing'aayo, inayoishika ile ya kwanza). Basi mng'ao huo hautokani na protini unayoitafuta.

Andaa kioo kingine kisicho na kingamwili yoyote. Kikiendelea kung'aa, mwanga ni wa seli zenyewe au wa fomaldehidi uliyozihifadhia. Kikiwa giza, kingamwili ya pili ndiyo inayonata ovyo, na hapo ningeanza na seramu (majimaji ya damu yenye kingamwili za mnyama) unayotumia kuzuia kunata huko. Umeandika kwamba kingamwili yako ya pili ni ya mbuzi, inashika kingamwili za sungura, nawe umezuia kwa seramu ya sungura. Hapo umeipa cha kushika kila kona! Tumia seramu ya mbuzi, asilimia 5, dakika 30 hadi 60.

Kipimo chako cha kingamwili ya pili, 1:100 (sehemu moja kwa mia), nacho ni kikali mno. Jaribu 1:500, kisha 1:1000. Izungushe kwanza kwenye sentrifuji ili mabonge yatuame. Osha mara 3, dakika 5 kila mara, na vioo uvifunike kwa foili, maana rangi hufifia mwangani. Kwenye hadubini, tafadhali usibadilishe mpangilio wa kamera kati ya kioo kimoja na kingine.