Makaratasi ya marehemu baba na simu iliyojaa: mimi nilianzia hapa

Waalaykumu salaam ndugu yangu. Umeuliza uanzie wapi, mkoba wa makaratasi ya marehemu au simu iliyojaa picha, na una Jumamosi moja tu. Anza na mkoba. Picha zitasubiri, mchwa hawasubiri.

Nasema kwa machungu. Kwetu Wete, Pemba, karatasi ya eka tatu za shamba alizopewa babu baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ilikaa kwenye sanduku la mbao chini ya kitanda, limegusa ukuta. Masika moja mama kufungua, mchwa wameshapanda, wamekula pembe yote yenye namba. Tulihangaika maofisini karibu mwaka mzima.

Tokea hapo karatasi zangu hazikai sakafuni wala hazigusi ukuta. Sizifungi kwenye mfuko wa plastiki nikakaza fundo, maana unyevu ukishaingia hautoki na kuvu linaota humo humo. Pini na mipira ya kufungia natoa: pini inashika kutu, mpira unayeyuka na kuganda kwenye karatasi. Kipupwe kikiingia naanika kila kitu ndani, kivulini. Na tafadhali usipeleke cheti halisi kutiwa leminesheni. Gundi ile ikishapigwa moto haitoki tena. Tia nakala.

Kugawa ni mafungu matatu: yasiyorudi (hati za ardhi, vyeti vya kuzaliwa, ndoa, skuli), ya mwaka huu, na ya kuchoma. Hilo la mwisho litakushangaza kwa ukubwa. Stakabadhi za karafuu za ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, nilichoma nyingi, nikabakisha tatu kwa kuwa nyuma yake baba aliandika hesabu za wachumaji. Hapo sikufuata kanuni yoyote.

Risiti za mashine, zile karatasi laini, zipige picha siku hiyo hiyo. Hazina wino, maandishi yake hutokea kwa joto, na kwa joto letu hili baada ya muda unabaki na karatasi nyeupe.

Sasa simu. Zima WhatsApp isijipakulie picha na video yenyewe, kisha ingia sehemu yake ya hifadhi ufute yale makubwa na yaliyosambazwa mara nyingi. Nusu ya mzigo ni salamu za Ijumaa. Ukimtumia mtu picha ya hati, itume kama faili, si kama picha, la sivyo inabanwa na maandishi madogo hayasomeki.

Majina ya faili anza na mwaka, mwezi, halafu siku: 2024-03-17. Kompyuta hupanga kuanzia kushoto, ukianza na siku utakuta tarehe 17 za miaka yote zimekaa pamoja. Nakala weka pahala patatu: simu, diski ya nje, na mtandaoni. Flashi peke yake usiiamini.

Baada ya tarehe andika neno ambalo watu wa nyumbani hulitamka. Mimi mwanzo niliandika "hati ya matumizi ya ardhi", jina zuri la kiofisi. Mama alitafuta akashindwa. Nikabadilisha, nikaandika "eka tatu za babu". Mwezi uliopita sheha, kiongozi wa serikali mtaani kwetu, aliiulizia nikiwa ndani ya boti naelekea Unguja, simu haina mtandao. Nilipofika bandarini Malindi, mjini Unguja, nikakuta ujumbe wa mama: ameshaipata, ameshampelekea.