DNA ya lambda yatoka mikromita 21: nimekosea wapi?

SWALI: Natia DNA ya bakteriofaji lambda (virusi vinavyoshambulia bakteria) rangi ya YOYO-1, nainyoosha juu ya kioo na kuipima kwa hadubini ya fluoresensi, inayoonyesha mwanga unaotolewa na rangi hiyo. Inatakiwa iwe mikromita 16.5. Napata 21, mara 14, mara 9. Nitajuaje kipande kina jozi ngapi za besi, yaani vidato vya ngazi ya DNA?

JIBU: Hiyo 21 wala haikupaswa kukutia wasiwasi. DNA hii ina jozi 48,502. Zidisha kwa nanomita 0.34 unapata 16.5, lakini huo ni urefu wa DNA isiyotiwa rangi. YOYO-1 hujipenyeza katikati ya jozi na kuzisukuma zitengane, hivyo uzi uliokolea rangi hurefuka kwa karibu theluthi moja.

Zinazonitia shaka ni 14 na 9. Uzi mfupi ama haukunyooka, ama umekatika, na kwa rula pekee huwezi kutofautisha. Pima na mwanga wake. Jumlisha mwanga wa pikseli zote za uzi, ukiondoa ule wa mandharinyuma. Jumla hiyo hufuata idadi ya jozi, uzi uwe umenyooka au umejikunja. Uzi wa 9 ukitoa mwanga sawa na wa 21, ni mzima, umejikunyata tu. Ukitoa chini ya nusu, umekatika. Hakikisha tu kwamba hakuna pikseli iliyojaa mwanga hadi kikomo cha kamera, la sivyo hesabu yote ni bure.

Mara nyingi anayekata ni sisi wenyewe: ncha nyembamba ya pipeti, au taa iliyoachwa ikiwaka huku tukitafuta picha nzuri. Tumia ncha pana, vuta polepole, na lenga fokasi mahali pengine kabla ya kusogea unapopiga picha.

Kubadili mikromita kuwa jozi, achana na 0.34. Changanya lambda na vipande vyako katika mrija mmoja, vigawane rangi ileile, kisha vinyooshe kwenye kioo kimoja. Lambda nzima ikisoma 21, kila mikromita ni jozi 2,310 hivi. Rangi isipoenea sawasawa, pasha mchanganyiko nyuzi 50 za Selsiasi kwa saa mbili.

Vipande vya chini ya jozi 700 hivi usivipime urefu kabisa. Hadubini ya kawaida huvionyesha kama nukta tu. Hivyo vipeleke kwenye jeli ya elektroforesisi, inayotenganisha vipande vya DNA kwa ukubwa.