Bei ya Kahawa Ilipoanguka, Tukaanza Kuinywa

Mmeuliza wiki hii: bei ya kahawa ikishuka duniani, mnywaji wa nyumbani anafaidika nini? Dukani sijaona cha maana. Pakiti hupanda haraka na kushuka kwa kusitasita. Lakini mimi ni mtoto wa kihambani, yaani shamba la nyumbani la Wachagga, huko Machame, Kilimanjaro, na bei ilipoanguka mwaka 2001 sisi tulipata kahawa yenyewe.

Kabla ya hapo tulikuwa watu wa chai. Kahawa ilichumwa, ikamenywa kwa mashine ya mkono, ikaoshwa, ikaanikwa, ikapelekwa chama cha msingi cha ushirika hadi punje ya mwisho. Ndiyo iliyokuwa ada, ndiyo iliyokuwa bati. Mwaka ule bei ya wastani duniani haikufika senti 50 za dola kwa ratili. Baba aliwalaumu makarani wa chama. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kuwa mgao wa mauzo baina ya nchi, uliokuwa ukiishikilia bei, ulivunjika tangu 1989, na kwamba Vietnam ilikuwa imepanda robusta, aina nyingine ya kahawa, hadi ikashika nafasi ya pili nyuma ya Brazili. Makarani walikuwa na yao, ila hilo halikuwa lao.

Mama akabakiza debe moja. Mara ya kwanza aliikaanga ikawa mkaa, maana kahawa tuliyoijua ni ile ya wauzaji wa mabirika mjini, nyeusi tii. Siidharau hata kidogo. Kwa tangawizi na kashata haina mpinzani. Lakini arabika, aina yetu ya mlimani, ukiiunguza, umeitupa.

Siku hizi nakaanga hivi: sufuria nzito, moto wa wastani, kahawa kidogo, mwiko usipumzike. Itanukia kama nyasi, kisha kama mkate, halafu ianze kualika kama bisi. Mialiko ikipungua, epua, imwage kwenye ungo na uipepete ipoe upesi. Isinywewe siku hiyo. Ilale hata siku mbili. Saga ya kunywa leo tu, na kinu kinatosha, mradi isiwe unga. Gramu 60 kwa lita moja. Maji yakichemka, yaepue, subiri nusu dakika, mimina juu ya kahawa, funika dakika nne, chuja. Ukiichemsha pamoja na maji itakuwa chungu, halafu utaisingizia kahawa.

Baba bado anaitia maziwa na vijiko vitatu vya sukari. Nimeacha kubishana naye. Miti ni yake.