Kabla ya kununua taa mpya, soma mita Jumamosi jioni

Nasimamia jengo la ghorofa mbili hapa Area C, Dodoma. Ofisi za juu zote zinatumia mita moja, na kila mwezi uniti za Luku, umeme wa kulipia kabla, zilikuwa zinakata kabla ya wakati. Wapangaji wakaanza kutuhumiana, na hilo liliniuma kuliko hata pesa yenyewe.

Jumamosi moja, tulipofunga, niliandika uniti zilizobaki. Jumatatu asubuhi, kabla mtu hajafungua mlango, nikasoma tena. Uniti 19 zilikuwa zimekwenda, na jengoni hakukuwa na mtu ila mlinzi. Nilizunguka chumba kwa chumba. Mashine mbili za maji ya kunywa zilikuwa zinachemsha na kupooza maji ambayo hakuna wa kuyanywa, na taa za varanda zilikuwa zinawaka juani. Kuzizima hakukunigharimu hata shilingi.

Baada ya hapo ndipo nikaenda kwenye tyubu. Ile ya kizamani ya futi 4 ni wati 36, na choki yake, kile kifaa kinachodhibiti umeme wa tyubu, inakula kama wati 9 zaidi. Ya LED ni wati 18. Tulikuwa nazo 60, zinawaka saa 10 kwa siku: uniti 27 zikashuka hadi 11 hivi. Soma boksi kabla ya kufunga, kwa sababu LED nyingine zinataka choki itolewe, nyingine ibaki. Kazi hiyo mpe fundi umeme, na azime meni swichi kwanza.

Lakini ningepewa nafasi ya kurudia, ningeanza na swichi. Ofisi yetu kubwa ilikuwa na swichi moja tu, kwa hiyo aliyekaa ndani akihitaji mwanga, wa dirishani naye anawashiwa saa 6 mchana. Dodoma hii, mwaka mzima, saa 1 asubuhi kumeshakucha na giza haliingii kabla ya saa 12 jioni! Fundi alitenganisha mstari wa taa za dirishani ukapata swichi yake, na siku nyingi hauwashwi kabisa.

Vioo navyo vifutwe kila wiki, vumbi letu mnalijua. Viyoyozi vizimwe Juni na Julai, baridi ya hapa inatosha.

Daftari la mita sasa linakaa kwa mlinzi. Anaandika tukifunga na kabla hatujafungua, na mpangaji yeyote anaruhusiwa kulisoma.